Jiwe Lililokuwa kwenye Michongoma

Ukitoka Kimara Mwisho kuelekea Kibaha, ukishaipita Temboni, kuna uwazi mkono wa kushoto ambapo vijana huuza miche ya maua na vitanda vya chuma. Hapo palikuwa na hoteli ya vyumba 22. Nimelala humo, nimecheza harusi humo, na jina langu limo kwenye karatasi iliyonunulia kiwanja chake. Kwa hiyo haya ninayoyaandika siyaandiki kama mtu aliyekaa ng'ambo akiwanyooshea wenzake kidole. Nilikuwamo.

Mwenye hoteli ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Ameniruhusu nisimulie kwa masharti mawili: nisitaje jina la hoteli wala lake, na nisijifiche. "Ukiyasema yangu, mdogo wangu, useme na yako," aliniambia. Haya.

Kaka alianza maisha kama utingo wa magari ya mizigo ya Mbeya, kisha akaingia biashara ya vitenge Kariakoo. Barabara ya Morogoro aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani kwao. Alijua kwamba basi la Mbeya au la Songea likichelewa hufika Mbezi usiku, na kwamba kutoka hapo hadi stendi ya Ubungo, foleni ikishika, ni safari nyingine nzima. Alijua kwamba mfanyabiashara wa Iringa anayekuja kufunga mzigo Kariakoo hapendi kulala Kariakoo, ambako kelele haziishi na chumba cha bei nafuu hakina hewa. Alijua kuna watu wa maofisi wanaotafuta mahali pa semina, pasiwe katikati ya jiji ambako washiriki hutoroka mchana kwenda kwenye mambo yao, wala pasiwe mbali kiasi cha kuwalipia nauli kubwa. Na Jumapili kuna familia zinazotaka kuku wa kuchoma, bembea za watoto na kivuli. Katikati ya juma wageni wa kazi, mwisho wa juma wageni wa starehe.

Wazo halikuwa baya. Nalisisitiza hili, maana watu wakisikia hoteli ya mtu imebomolewa hudhani mwenyewe alikuwa mjinga. Kaka si mjinga. Hesabu zake za wageni zilitimia karibu zote. Alichokosea ni ardhi iliyobeba hesabu hizo, na kwenye ardhi alikosea pamoja nasi, sisi tuliojiona tumesoma.

Hoteli ya namna hii ina njaa yake. Inataka kuonekana. Nyumba ya kuishi unaweza kuificha ndani, ukapita vichochoro viwili na darajani ndipo ufike, nayo ikakufaa vilevile. Hoteli ya pembezoni mwa jiji inamtaka abiria aione kutoka dirishani kwa basi, ausome ubao wake kabla hajalala usingizi, na wiki ijayo akiwa na shida ya chumba aikumbuke. Njaa hiyo ndiyo iliyomsukuma kaka mpaka ukingoni mwa barabara kuu, na nina hakika ingenisukuma na mimi.

Kiwanja alikipata mwaka 2008. Dalali alitupeleka kuona viwili siku ile. Cha kwanza kilikuwa ndani, kama mwendo wa dakika tano kutoka barabarani, kina mteremko na hakina njia ya gari ya maana. Cha pili kilitazamana na lami, tambarare, kina miembe miwili. Cha pili kilikuwa na bei ndogo kuliko cha kwanza.

Naomba msomaji usimame hapo kidogo, kwa sababu sisi hatukusimama. Kiwanja cha mbele, chenye barabara mlangoni, kinauzwa rahisi kuliko cha nyuma chenye mteremko. Kaka ni mtu wa Kariakoo. Ukimletea kitenge cha daraja la kwanza kwa bei ya mtumba atakigeuza mara tatu, akivute nyuzi, akinuse, na bado atakuuliza umekitoa wapi. Siku ile hakunusa kitu. Muuzaji alisema ana mgonjwa na anahitaji fedha za haraka, tukampa pole, na njiani kurudi tukawa tunasema Mungu akiamua kumpa mtu humpa.

Mimi niliuliza swali moja, nami nililiona kubwa. "Na barabara je? Hifadhi yake inaishia wapi?" Muuzaji hakutetereka. "Sheria mpya inasema mita thelathini kutoka katikati. Hapa ni sitini. Pimeni wenyewe."

Tukapima. Nacheka nikikumbuka, ingawa si kicheko cha furaha. Watu wazima watatu tulisimama ukingoni kungoja magari yapungue, kaka akakimbilia katikati ya lami kwenye mstari mweupe, akaanza kuhesabu hatua akirudi huku malori yakimpigia honi. Alihesabu hatua sitini na nne hadi kwenye mwembe wa kwanza. Tukapeana mikono. Mita sitini, mara mbili ya ile inayotakiwa! Tulijiona watu makini kweli.

Muuzaji hakudanganya kuhusu ile sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na habari hiyo ilikuwa midomoni mwa watu. Ndiyo baadaye ikaleta zile alama za X kwenye majengo ya kuondolewa, za rangi mbili: ya kijani kwa aliyekuwa nje ya mita 22.5 akafikiwa na nyongeza, huyu ana fidia yake. Na nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi yenyewe, huyu hana. Lakini Barabara ya Morogoro, kuanzia huku Kimara hadi Kiluvya, ina kipimo chake cha peke yake tangu zamani. Hifadhi yake ni mita 121.5 kila upande. Chukua uwanja wa mpira, ulaze kwa urefu wake kuanzia katikati ya lami, bado hujafika mwisho. Kiwanja cha kaka, kuanzia mwembe wa kwanza hadi ukuta wa nyuma, chote kilikuwa ndani.

Tulijua sheria nusu. Mtu asiyejua sheria kabisa huenda akauliza. Aliyejua nusu hupima kwa hatua na kupeana mikono.

Karatasi tuliandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, juu ya meza iliyofunikwa plastiki ya maua. Muuzaji akasaini, kaka akasaini, mashahidi wanne tukasaini, muhuri ukagongwa, na ofisi ikachukua fungu lake kama ilivyokuwa desturi. Mimi ndiye shahidi wa pili upande wa mnunuzi. Hati haikuwapo. Ramani haikuwapo. Nilipouliza habari ya hati niliambiwa eneo halijapimwa, wote hapa wanauziana hivi hivi. Nikaridhika, kwa sababu hata kiwanja changu mwenyewe kule Goba nilikinunua hivyo hivyo.

Muhuri wa mtaa unashuhudia kwamba fulani na fulani walikutana, wakakubaliana, na majirani wanawajua. Ni jambo jema na lina kazi yake. Hausemi kwamba kilichouzwa kinauzika. Hilo linajibiwa kwingine: kwa msajili wa hati, kwenye ofisi ya mipangomiji ya manispaa iliko ramani ya eneo, na kwa upande wa barabara kuu, ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa, ambako unaweza kwenda na barua yako ukauliza hifadhi inaishia wapi. Gharama yake ni nauli na subira. Mimi nilikuwa na nauli.

Sasa nifike kwenye jiwe.

Nyuma ya kiwanja, mpakani, kulikuwa na ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua aliishi mzee mmoja mstaafu. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya bati la zamani, imerudi nyuma kabisa. Kabla kaka hajanunua, eneo la mbele ya mzee, hadi karibu na barabara upande wa pili wa kile kiwanja, lilikuwa shamba la muhogo tu. Mafundi walipoanza kuchimba msingi tulikuwa tukienda kwake kuomba maji, naye alitupa bila malipo. Siku moja nilimuuliza, kwa utani, "Mzee, mahali pote hapa mbele pako wazi, mbona ulijificha huku nyuma?"

Akanijibu, "Kule mbele ni kwa serikali, mwanangu. Mimi naazima pa kupanda muhogo. Muhogo ukifukuzwa unang'oka."

Nilicheka. Nilidhani ni uoga wa wazee waliokulia zama nyingine. Naye hakutusukuma, aliona watu wenye gari, wenye karatasi, akaona amekwisha kusema. Wazee wa kwetu husema jambo mara moja. Ukitaka la pili, uliza.

Ndani ya ile michongoma, hatua mbili kutoka kwenye ndoo za mafundi, kulikuwa na nguzo fupi ya zege, imefika gotini, rangi imebambuka na maandishi hayasomeki tena. Niliiona. Kaka aliiona. Fundi mkuu aliifunga kamba ya kunyooshea ukuta. Baadaye, hoteli ilipofunguliwa, wasichana wa usafi walikuwa wakinolea visu vya jikoni juu yake, na upande wa juu ukawa laini unang'aa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani aliyepata taabu ya kumwaga zege na kusimika jiwe katikati ya michongoma, tena mahali pasipo na nyumba. Jiwe lile lilikuwa likisema neno moja tu: huku ni kwako, kule ni kwa barabara. Sisi tulikuwa kule.

Ishara nyingine ilitoka benki. Kaka alipoishiwa fedha jengo likiwa kwenye lenta, aliomba mkopo na kuweka kiwanja na jengo kuwa dhamana. Mthamini akaja, akatembea, akaandika, akauliza hati, akatazama barabarani kwa muda mrefu. Baada ya wiki mbili jibu likaja kwamba dhamana haifai. Hakufafanuliwa sana. Kaka alirudi akiwalaani: wasomi wasiojua biashara, watu wa kukaa kwenye kiyoyozi.

Mama mkubwa, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele, alisema bila kuinua uso: "Benki inaishi kwa kukopesha. Ikikataa kukopesha, imeona kitu. Wewe umeona nini ambacho wao hawakukiona?"

Kaka hakuwa na jibu, lakini alikuwa na nyumba ya mama Magomeni, yenye hati safi iliyoachwa na marehemu baba yao. Alimzunguka bibi yule kwa miezi miwili, kwa upole na kwa machozi, nami nilitumwa mara mbili kwenda kumlainisha. Nilikwenda. Nikamwambia, mama, mwanao hawezi kukuangusha. Akatia sahihi. Dhamana ikawa Magomeni, na fedha zikaenda kumalizia jengo Temboni.

Tulitaka pia kuleta mpima ardhi, rafiki yangu wa zamani, aje na mashine yake athibitishe mipaka. Alitaka laki tatu na nusu pamoja na usafiri. Tuliona ni ghali. Mwezi ule ule kaka alinunua televisheni ya baa, na nilisaidia kuibeba.

Hoteli ilifunguliwa mwaka 2011, na nitakuwa mnyimi nisiposema kwamba ilikuwa nzuri. Vyumba vilikuwa vidogo lakini safi, chandarua kila kitanda, maji ya moto asubuhi kwa wanaowahi. Mpishi alikuwa mama mmoja wa Tanga ambaye supu yake ya samaki iliwafanya madereva wa masafa marefu wabadilishe ratiba. Ukumbi ulichukua watu 120. Jumatatu hadi Ijumaa kulikuwa na semina, chati za karatasi zikibandikwa ukutani na chai ya saa nne yenye vitumbua, Ijumaa jioni viti vikavishwa vitambaa na riboni kwa ajili ya kitchen party, Jumamosi send-off, Jumapili watoto kwenye bembea. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, kituo chao cha mwisho kikiwa Kimara, kaka alikaribia kuruka. Sasa mgeni aliweza kulala kwake, asubuhi akapanda daladala hadi Kimara, akachukua mwendokasi hadi Gerezani, akafanya shughuli zake Kariakoo, na jioni akarudi kula supu.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyotuziba masikio. Kila karatasi iliyoingia hotelini tuliichukulia kuwa ushahidi wa uhalali. TANESCO walileta umeme: je, serikali ingeleta umeme mahali pasipo halali? Maji yakaja. Leseni ya biashara ikaja. Kodi ya majengo ikadaiwa, ikalipwa, risiti ikawekwa kwenye faili jekundu nyuma ya kaunta. Kaka alilipenda faili lile. Mtu akigusia habari za barabara, alilifungua na kulikunjua kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Tufahamu, ndugu zangu, jambo hili na lituingie. Mwenye umeme huuza umeme. Mwenye kukusanya kodi hukusanya kodi, naye haulizi kama ukuta ulioulipia utakuwapo mwakani. Kila ofisi iliuliza swali lake na kupata jibu lake. Swali la barabara halikuwa la ofisi yoyote kati ya hizo. Lilikuwa letu, nasi hatukuliuliza.

Na kulikuwa na ile kinga kubwa kuliko zote, ambayo nadhani ndiyo iliyotuangusha hasa: kila mtu amejenga. Ukisimama barandani kwa kaka ukatazama kulia na kushoto uliona vituo vya mafuta, maduka ya vifaa vya ujenzi, nyumba za ibada, maghorofa ya watu wenye majina. Unajisemea, wote hawa hawawezi kuwa wamekosea. Lakini kila mmoja wao alikuwa akitutazama sisi na kusema hivyo hivyo. Mwenye kituo cha mafuta alijipa moyo kwa kuona kanisa, wenye kanisa wakajipa moyo kwa kuona hoteli, na sisi wenye hoteli tulijipa moyo kwa kuona kituo cha mafuta.

Mbele ya katapila wingi haukusaidia. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara. Ukubwa nao haukusaidia. Pale Ubungo hata jengo la makao makuu ya TANESCO lilipigwa X mwaka huo. Wenzetu wa Nairobi waliyaona ya kwao Agosti 2018, Ukay Centre ya Westlands na South End Mall ya Lang'ata zilipobomolewa kwa sababu zilisimama kwenye kingo za mito. Hayo yalikuwa majengo ya watu wenye mawakili.

Kwa kaka, X ilikuwa moja. Kijana mwenye kopo la rangi nyekundu aliipiga kwenye ukuta wa baraza, kushoto kwa mlango wa mapokezi, asubuhi moja wageni wakiwa kwenye chai. Kesho yake kulikuwa na semina ya siku tatu, watu sitini, malipo ya awali yameshaliwa. Kaka akanipigia simu, sauti yake imekauka. Tukaketi. Sikumwambia, kaka, twende ofisi ya barabara. Sikumwambia, tumtafute mwanasheria. Nilimwambia tuifunike. Nilikuwa na picha kubwa ya tingatinga nyumbani, twiga na ndege wa rangi rangi, niliyoipata kwenye sherehe moja ya kazini. Niliileta mwenyewe kwenye teksi. Ilienea sawasawa juu ya X, wageni wakapiga nayo picha.

Vijana wa hotelini, watu wa Dar wasioisha maneno, baadaye walikuwa wakisema: bosi alificha alama kwa tingatinga, tingatinga lenyewe likaja kuifunua. Sikuupenda mzaha huo. Bado siupendi.

Baada ya X kulikuwa na muda wa kufanya jambo. Muda huo ulikwenda kwenye mikutano ya majirani, kwenye kuchangishana, kwenye kumfuata mtu anayemjua mtu. Baadhi walikwenda mahakamani, ni haki yao. Kaka aliendelea kupokea malipo ya sherehe za mbele, maana alihisi kukataa ni kukiri. Hilo pia ningemshauri vinginevyo leo: unapokuwa na X ukutani, fedha ya bibi harusi usiiguse. Alikuja kuzirudisha zote, na nyingine alikopa ili azirudishe.

Siku za mwisho walibomoa wenyewe, kama walivyofanya wengi, ili waokoe kinachookoleka. Shemeji alisimama katikati ya ua na daftari akihesabu mashuka: jozi themanini na nane. Mabati yakashushwa, madirisha ya alumini yakang'olewa na fremu zake, vyoo vikafunguliwa kimoja kimoja na kupangwa chini ya mwembe. Niliona mlango wa chumba namba 7, nilichozoea kulala, umeegemezwa kwenye pikipiki ukisubiri mnunuzi. Katapila lilipokuja halikuhitaji hata nusu saa kumaliza kuta zilizojengwa kwa miaka mitatu. Mpishi wa Tanga alikuwa amekuja kuaga. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanywa chai mpaka vumbi likatulia, akaondoka.

Fidia haikuwapo. Watu wa barabara wana msemo wao: kuna aliyefuatwa na barabara, na kuna aliyeifuata barabara. Wa kwanza hulipwa. Tulipoteza miaka tukijiita wa kwanza.

Mkopo ulibaki. Benki haikujali kwamba jengo halipo, kwa kuwa dhamana yake haikuwa jengo. Nyumba ya Magomeni iliuzwa, na mama mkubwa sasa anaishi kwa binti yake Tabata, kwenye chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Hajawahi kumlaumu kaka mbele ya watu. Mimi aliniuliza mara moja tu, nilipompelekea dawa: "Uliponiambia hawezi kuniangusha, ulikuwa umekiona hicho kiwanja vizuri?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nimekiona. Akasema, "Basi," akaendelea na tasbihi yake.

Barabara mpya ya njia nane ikaja kujengwa, kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, na stendi ya mabasi ya mikoani ikahamia Mbezi Luis mwaka 2021. Wageni waliokuwa wa kaka sasa wanashukia karibu kabisa na palipokuwa kwake. Na lami, ukitazama vizuri, haikufika kwenye kaunta yake. Imeishia mbali. Watu husema kwa uchungu, mbona pako wazi, si wangetuacha? Ninauelewa uchungu huo, ila hifadhi haipimwi kwa lami. Nyumba ya yule mzee wa muhogo ipo mpaka leo. Yeye mwenyewe ametangulia mbele ya haki, na wanawe wamefungua vyumba sita vya kulala wageni, nyuma ya michongoma.

Mimi niliporudi nyumbani baada ya siku ile ya mashuka, nilitoa karatasi ya kiwanja changu cha Goba kabatini. Plastiki ile ile, muhuri wa namna ile ile, mashahidi wanne. Ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri wa kumpigia rafiki yangu mpima. Kiwanja kilikuwa salama, isipokuwa choo cha nje na kipande cha ukuta vilivyoingia kwenye njia ya mtaa kwa mita moja na nusu. Nilivunja mwenyewe. Jirani alinicheka, akaniuliza nani amekutuma. Ukuta wake umenyooka na ule wangu wa zamani.

Kaka amerudi kwenye vitenge. Mwaka jana alianza tena kuzungumzia vyumba, vichache tu, kumi hivi, kwa ajili ya watu wa stendi na wa viwandani. Dalali akatupeleka Kibaha, kiwanja kizuri, na muuzaji alikuwa amesimama getini na wanawe, amevaa kanzu, anatungoja kwa heshima. Nikaenda kumsalimu. Nilipogeuka, kaka hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameokota fimbo na kupita pembeni ya ua, ameinama, anafunua majani hatua kwa hatua.

"Mzee wangu, umepotewa na kitu?" muuzaji akamwita. "Angalia, huko kuna nyoka."

"Nyoka si neno," kaka akajibu bila kuinua kichwa, fimbo ikiendelea kupapasa chini ya michongoma. "Natafuta jiwe."